Sura ya Tano: Kwa Nini Nyota Huzaliwa Chache

Mji wa Runyenjes, ulioko kwenye mteremko wa kusini-mashariki wa Mlima Kenya kando ya barabara itokayo Embu kwenda Chuka na Meru, uko chini ya nusu digrii kusini mwa ikweta, na kwa sababu hiyo anga la kaskazini na anga la kusini hupita yote mawili juu ya mashamba yake ya kahawa na majani chai, jambo ambalo mtazamaji wa London au wa Cape Town hawezi kulipata akiwa kwao. Mwishoni mwa Januari, mvua za vuli zikiwa zimekwisha na zile za masika hazijaanza, kati ya saa tatu na saa nne usiku, kundi la Jabari huwa karibu utosini. Upande wa kaskazini-magharibi huonekana Kilimia, kifungu cha nyota ambacho wakulima na mabaharia wa Afrika Mashariki wamekitumia tangu zamani kubashiri majira. Na upande wa kusini, kiasi cha digrii 20 juu ya upeo wa macho, hutokea doa hafifu lenye weupe wa ukungu liitwalo Wingu Kubwa la Magellan, ambalo kwa hakika si wingu bali ni galaksi nyingine, ndogo kuliko yetu, iliyo umbali wa miaka ya nuru 160,000 hivi. Mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja, yaani takriban kilomita trilioni 9.5.

Viwili vya kwanza kati ya vitu hivyo ni vya rika tofauti. Nyota za Kilimia, ambazo jumla yake ni zaidi ya 1,000 ingawa jicho la kawaida huziona sita au saba, zilizaliwa pamoja yapata miaka milioni 100 iliyopita au zaidi kidogo, wakati dinosaria walipokuwa wangali wakitawala nchi kavu. Katikati ya upanga wa Jabari mna Nebula ya Jabari, wingu la gesi inayong'aa lililo umbali wa miaka ya nuru 1,300 hivi, na nyota zilizomo hazijapita miaka milioni mbili au tatu. Nyingi kati yake ni changa kuliko Mvulana wa Turkana, ambaye mifupa yake ilifukuliwa Nariokotome mwaka 1984 na ambaye aliishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Kwa maneno mengine, babu za binadamu walikuwa wakitembea kandokando ya Ziwa Turkana kabla nyingi ya nyota hizo hazijawaka. Kwamba uzazi wa nyota ni kazi inayoendelea hata leo, wala si tukio lililokwisha zamani ulimwengu ulipoanza, ni jambo lililothibitishwa kwa kuchelewa sana: Viktor Ambartsumian, mwanaastronomia wa Armenia, ndiye aliyeonyesha mwaka 1947 kwamba yapo makundi ya nyota yaliyolegea kiasi kwamba hayangeweza kudumu kwa muda mrefu bila kutawanyika, kwa hiyo ni lazima yawe machanga.

Malighafi ya nyota ni gesi iliyosambaa katikati ya nyota zilizopo. Karibu robo tatu ya masi yake, yaani kiasi cha mata iliyomo, ni hidrojeni. Karibu sehemu yote iliyobaki ni heli. Na asilimia moja au mbili tu ni elementi nzito zaidi, ambazo sehemu yake kubwa imeganda kuwa vumbi laini sana la kaboni na silika. Vumbi hilo, ijapokuwa ni dogo kwa kiasi, hufanya kazi kubwa ya kuzuia mwanga wa nyota usiingie ndani ya mawingu mazito ya gesi, na humo gizani atomi za hidrojeni huungana mbilimbili kuwa molekuli, ndiyo maana mawingu hayo huitwa mawingu ya molekuli. Hali ya joto ndani yake ni digrii 10 hadi 20 tu juu ya sifuri halisi, sawa na takriban digrii 260 chini ya sifuri kwa kipimo cha selsiasi. Neno "mazito" nalo lisimpotoshe msomaji, kwa kuwa wingu la kawaida la namna hii lina molekuli mia chache tu katika kila sentimita ya ujazo, ilhali hewa ya usawa wa bahari kule Mombasa ina molekuli zipatazo bilioni 25 mara bilioni moja katika nafasi iyo hiyo. Ukubwa wa wingu ndio unaofidia wepesi wake: mawingu makubwa huenea kwa miaka ya nuru mia na zaidi, na gesi iliyomo hutosha kuunda Jua zetu mamia ya maelfu.

Mwaka 1902 mwanafizikia Mwingereza James Jeans alieleza sharti linaloamua kama wingu litatulia au litaporomoka. Ndani ya wingu nguvu mbili hushindana, yaani graviti, ambayo huivuta gesi yote kuelekea katikati, na shinikizo la gesi yenyewe, ambalo hutokana na mwendo wa molekuli na huisukuma nje. Shinikizo huongezeka kadiri joto linavyopanda, na graviti hupata nguvu kadiri gesi inavyorundikana; kwa hiyo kwa kila kiwango cha joto na cha msongamano ipo masi fulani ambayo, wingu likiizidi, graviti hushinda na mporomoko huanza. Kadiri wingu lilivyo baridi na lenye msongamano, ndivyo masi hiyo inavyopungua, na hii ndiyo sababu nyota, ambazo ndizo vitu vyenye moto mkali kuliko vyote vinavyoonekana angani kwa macho, huzaliwa mahali penye baridi kuliko pote.

Kiini cha gesi kikishaanza kuporomoka, mzunguko mdogo kiliokuwa nao tangu awali huongezeka kasi, na gesi isiyoweza kuanguka moja kwa moja katikati hutanda kama diski kulizunguka donge linalokua. Sehemu ya gesi hiyo hufyatuliwa kutoka ncha zote mbili za donge kwa kasi ya mamia ya kilomita kwa sekunde. Mwaka 2014 darubini ya redio ya ALMA iliyoko Chile ilitoa picha ya diski ya aina hiyo kuizunguka nyota changa HL Tauri, katika kundi la Ng'ombe, kundi lile lile lenye Kilimia, na picha ilionyesha mianya ya duara iliyochongeka ndani ya diski, dalili ambayo wataalamu wengi huifasiri kuwa sayari zilikuwa tayari zinaanza kuumbika huko. Donge lenyewe huendelea kujikaza na kupata joto, na kitovu chake kinapofikia takriban digrii milioni 10, viini vya hidrojeni huanza kuungana kuwa heli na kutoa nishati, na hapo ndipo kitu hicho hustahili kuitwa nyota kamili. Jua lilichukua miaka ipatayo milioni 30 hadi 50 kufikia hatua hiyo. Nyota zenye masi kubwa huifikia mapema zaidi kwa mbali, na donge lisilofika asilimia 8 ya masi ya Jua haliifikii kamwe, bali hupoa polepole na kubaki kibete cha kahawia.

Maelezo hayo, ambayo vitabu vingi vya shule huishia hapo, huacha picha ya mambo yanayokwenda kwa urahisi mno, na mtu akiyashika jinsi yalivyo na kupiga hesabu atapata jibu lisilolingana kabisa na yanayoonekana. Galaksi yetu, Njia Nyeupe, ina gesi ya molekuli yenye masi ya Jua bilioni moja hivi. Wingu la wastani likiachiwa liporomoke bila kizuizi litamaliza kuporomoka katika muda usiozidi miaka milioni tano. Gawanya la kwanza kwa la pili, na Njia Nyeupe ingepaswa kuunda nyota zenye masi ya Jua 200 kila mwaka. Vipimo vyote vya kuaminika vinaonyesha kwamba inaunda kisichozidi asilimia moja ya kiasi hicho, yaani masi ya Jua moja hadi mbili kwa mwaka, na kwa kuwa nyota nyingi ni ndogo kuliko Jua, hizo ni nyota chache tu, pengine nne hadi saba, katika galaksi nzima yenye nyota bilioni mia na zaidi. Ben Zuckerman na Patrick Palmer waliuweka wazi mgongano huu mwaka 1974, nao, kwa maoni yanayoshikiliwa katika sura hii, ndio swali lenye uzito kuliko mengine yote katika somo hili: jinsi nyota inavyozaliwa inaeleweka vizuri kiasi, lakini kinachozuia gesi nyingi namna hiyo isigeuke nyota bado kinabishaniwa.

Wahusika wa kizuizi hicho wanajulikana, ingawa mgawanyo wa lawama haujaafikiwa. Gesi ya mawingu haikutulia bali imejaa msukosuko, vijito vyake vikigongana kwa kasi inayopita ile ya sauti, kiasi kwamba pale inaposongamana hupata pia kutawanywa kabla graviti haijamaliza kazi. Mawingu yamepitiwa na uga sumaku, ambao hushikamana na chembe zenye chaji na kupinga gesi isikandamizwe. Zaidi ya yote, nyota zenyewe hubomoa mahali zilipozaliwa. Katika Nebula ya Jabari nyota kubwa moja, ambayo masi yake ni zaidi ya mara 30 ya Jua, hutoa miale mikali ya urujuanimno, yaani mwanga usioonekana ulio nje ya rangi ya urujuani, na miale hiyo inaipasha gesi joto la digrii 10,000 na kuifukuza. Baada ya miaka milioni chache nyota kama hiyo hulipuka kuwa supanova na kusukuma mbali kilichobaki. Wingu la molekuli kwa kawaida huvunjika likiwa limegeuza asilimia chache tu ya gesi yake kuwa nyota, na iliyobaki hurudi katika nafasi iliyo baina ya nyota kungoja zamu nyingine.

Kupima kasi ya uzazi kunahitaji mbinu, kwa maana hakuna mwanadamu awezaye kuishi hadi aone nyota moja ikizaliwa tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu anayetaka kujua watoto wangapi huzaliwa kila mwaka katika eneo la Runyenjes hana haja ya kukesha mlangoni mwa wodi ya wazazi. Akihesabu watoto wa chini ya miaka mitano wanaoletwa kliniki na kugawanya kwa tano, jibu lake litakaribia ukweli. Wanaastronomia hufanya vivyo hivyo, na wamesaidiwa na ukweli kwamba nyota kubwa sana hufa zingali changa: nyota ya masi 30 za Jua hung'aa kama Jua 100,000 na kwisha katika miaka ipatayo milioni sita, wakati Jua limepewa takriban bilioni 10. Popote mwanga wa nyota kubwa unapoonekana, basi, uzazi umefanyika hivi karibuni. Mwanga huo hupimwa kwa urujuanimno wenyewe, au kwa rangi nyekundu ambayo hidrojeni hutoa inapomulikwa nao, au, pale vumbi linapoufunika, kwa miale ya infraredi ambayo vumbi hilo hutoa likipashwa joto. Njia ya infraredi ndiyo iliyobadilisha somo zima, kwani setilaiti ya IRAS, iliyorushwa mwaka 1983, iligundua galaksi ambazo karibu uzazi wake wote umefichwa na vumbi.

Hata hivyo nyota kubwa ni chache. Mwaka 1955 Edwin Salpeter alionyesha kwamba idadi ya nyota hupungua kwa kasi na kwa utaratibu kadiri masi inavyoongezeka, na tangu wakati huo kila makadirio huanza na nyota kubwa zinazoonekana, kisha hutumia utaratibu huo kukisia maelfu ya nyota ndogo zisizoonekana, ziitwazo vibete vyekundu, ambazo ni karibu robo tatu ya nyota zote. Msomaji na aelewe basi kwamba takwimu ya kasi ya uzazi katika galaksi ya mbali haikutokana na hesabu ya nyota zote bali ya wachache mashuhuri, na kwamba wengi wasiosikika wameongezwa kwa kanuni.

Upande wa pili wa hesabu ni gesi, nayo ina tatizo lake, kwa kuwa hidrojeni ya molekuli ikiwa na baridi kali haitoi mwanga wowote unaofaa kupimwa. Mwaka 1970 Robert Wilson, Keith Jefferts na Arno Penzias waligundua katika Nebula ya Jabari mawimbi ya redio yatokayo kwa kaboni monoksidi, molekuli iliyochanganyika na hidrojeni kwa kiasi kidogo, na tangu hapo gesi hiyo imekuwa kiashiria cha ile isiyoonekana. Lakini kiashiria huhitaji kupimwa uaminifu wake kwa shahidi mwingine. Shahidi mmoja wa namna hiyo alipitia pwani ya Kenya. Tarehe 15 Novemba 1972, kutoka jukwaa la San Marco lililokuwa baharini karibu na Malindi, ambako Waitalia waliokuwa chini ya Luigi Broglio walirusha roketi za Scout, setilaiti ya Marekani iitwayo SAS-2 ilipelekwa angani kupima miale ya gama, na katika miezi saba hivi ya kazi yake ilionyesha kwamba miale hiyo imejipanga kwa wingi kufuata ukanda wa Njia Nyeupe. Chanzo chake kikubwa ni miale ya kosmiki, yaani chembe zinazosafiri karibu na kasi ya nuru, ambazo zikigonga hidrojeni huzalisha miale ya gama. Kwa kuwa miale ya gama hupenya vumbi na haijali kama hidrojeni ni ya atomi au ya molekuli, wingi wake huonyesha wingi wa gesi. Umaarufu wa jukwaa hilo umebebwa na setilaiti iliyotangulia, Uhuru, iliyorushwa siku ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba 1970, na ambayo kazi yake ilihusu zaidi masalia ya nyota zilizokufa. SAS-2 imesahauliwa kidogo, bila haki, kwani njia iliyoifungua ingali inatumika kupima gesi ya Njia Nyeupe.

Gesi na nyota zikishapimwa zote mbili, uhusiano wake huonekana. Maarten Schmidt alipendekeza mwaka 1959, na Robert Kennicutt akathibitisha mwaka 1998 kwa kulinganisha galaksi nyingi, kwamba mahali penye gesi nyingi zaidi katika eneo moja kasi ya uzazi hupanda kwa kiwango kinachozidi kidogo ongezeko la gesi yenyewe. Kanuni hii hufanya kazi vizuri ajabu kwa galaksi nzima, na huvunjika mtu akiikaribia.

Mfano wa kuvunjika kwake uko katikati ya Njia Nyeupe, upande wa kundi la Mshale, ambako mawingu ya molekuli yenye jumla ya makumi ya mamilioni ya masi za Jua yamesongamana kuliko popote pengine katika galaksi, ilhali nyota zinazozaliwa huko ni kama sehemu moja ya kumi ya zile zinazotarajiwa. Mojawapo ya mawingu hayo, lililopewa jina la utani la Tofali, lina masi zaidi ya mara 100,000 ya Jua na karibu halina nyota changa ndani yake. Msukosuko mkali wa eneo hilo ndio unaolaumiwa zaidi. Kwa mkazi wa Runyenjes eneo hili hupita juu sana, digrii 61 kutoka upeo wa macho, lakini saa zake nzuri za jioni ni za Julai na Agosti, miezi ambayo ukungu wa Mlima Kenya hulala juu ya Embu siku nyingi. Wa Mbeere, kwenye nyanda kavu za chini, wana bahati zaidi.

Wingu Kubwa la Magellan ni kinyume chake. Nyota zake zote kwa pamoja hazifikii sehemu moja ya kumi ya zile za Njia Nyeupe, lakini ndani yake mna Nebula ya Tarantula, eneo kali la uzazi ambalo hakuna linalolifikia katika mtaa wetu wa galaksi, lenye nyota moja inayokadiriwa kuwa na masi ya takriban mara 200 ya Jua. Upande wa kaskazini wa anga la Runyenjes, kwa urefu ule ule wa digrii 20 hivi juu ya upeo wa macho, hupita M82, galaksi inayohitaji darubini ndogo, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 12, ambayo kukaribiana kwake na jirani yake mkubwa M81 kumesukuma gesi katikati na kuifanya izae masi za Jua zipatazo 10 kila mwaka katika eneo dogo. Nguvu ya nyota hizo na milipuko yake inarusha gesi nje kama moshi mwekundu juu na chini ya diski, na galaksi hiyo haitaweza kuendelea hivyo kwa muda mrefu. Galaksi kubwa za umbo la yai, kama M87, zimekwisha kunyamaza: nyota zake ni wazee, na gesi yake imepashwa joto, kwa sehemu na nishati itokayo kandokando ya shimo jeusi lililo kitovuni, hata haiwezi kupoa na kuporomoka.

Kwa ulimwengu mzima wakati wa rutuba umepita. Piero Madau na Mark Dickinson, walipokusanya vipimo vyote vilivyokuwapo mwaka 2014, walionyesha kwamba kasi ya uzazi wa nyota ilifikia kilele yapata miaka bilioni 10 iliyopita, ikiwa karibu mara tisa ya kasi ya leo, na kwamba nusu ya nyota zote zilizopo zilikwisha kuzaliwa zaidi ya miaka bilioni 8 iliyopita, kabla Jua halijakuwapo. Upungufu uliofuata unatokana zaidi na ukosefu wa gesi baridi kuliko na kubadilika kwa namna nyota zinavyoumbika.

Njia Nyeupe yenyewe, kwa kasi yake ya sasa, ingemaliza gesi yake ya molekuli katika miaka milioni 500 hadi bilioni moja, na kwa kuwa imekuwa ikizaa nyota kwa zaidi ya miaka bilioni 10, ni wazi kwamba inaongezewa gesi kutoka nje. Sehemu ya ongezeko hilo imekwisha kuonekana. Mwaka 1963 Gail Smith, akiwa mwanafunzi huko Leiden, Uholanzi, aligundua kwa mawimbi ya redio wingu la hidrojeni ambalo sasa lina jina lake, lisiloonekana kwa macho, katika kundi la Ukabu. Wingu hilo hupita karibu kabisa na utosi wa ikweta, liko umbali wa miaka ya nuru 40,000 hivi, na linaanguka kuelekea diski ya galaksi, ambapo linatazamiwa kugonga baada ya miaka milioni 30 hivi. Gesi yake inakadiriwa kuwa masi ya Jua milioni moja au zaidi kidogo, kiasi ambacho kwa kasi ya masi mbili kwa mwaka kingeilisha Njia Nyeupe kwa miaka nusu milioni tu, na mawingu mengine ya namna hiyo yaliyokwisha kupimwa hayajatosha kuziba pengo.